Taa Ndiyo Inayoamua Fomati ya Video

Ikifika Oktoba, simu yangu hujaa picha za kamera ambazo bado ziko dukani. Ndugu zetu walio Marekani, Uingereza, Saudi Arabia na Qatar wanapanga safari ya kuja kwetu kwenye delta ya mto Tana, Kenya, na kila mmoja anataka kurudi na video ya nyumbani aiweke mtandaoni wenzake waione. "Kaka, ninunue hii? Itafanya kazi huko kwetu?" Badala ya kutaja kamera, mimi huuliza: utarekodi mchana au usiku, chini ya taa gani, na nani atakayetazama? Wengine huona nawazungusha. Lakini hayo ndiyo maswali yenyewe, na la taa ndilo kubwa kuliko yote.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Wema, na kazi yangu ya kurekodi na kuhariri video naifanyia Garsen mjini. Nimerekodi harusi za Hewani, mazishi ya Kulesa, michango ya shule na mahubiri ya Jumapili. Maji yalipopanda mwisho wa 2023, na tena 2024, nilirekodi watu wakihamisha magodoro na mbuzi kwa mitumbwi. Karibu kila kazi ina watazamaji wa aina mbili: walio hapa hapa deltani na walio ng'ambo. Zamani hao wawili walihitaji kanda mbili tofauti. Leo faili moja inawatosha wote, mradi aliyerekodi aliuheshimu umeme wa mahali aliporekodia.

Nieleze. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, yaani mkondo unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Taa iliyochomekwa kwenye umeme huo haiwaki kwa utulivu kama tunavyoiona. Inapanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ni mapigo 100 kwa sekunde. Jicho la binadamu haliyaoni. Kamera inayaona, kwa sababu inakata wakati vipande vipande, na kila kipande ni picha moja, au fremu kama tunavyoiita sisi mafundi. Katika kila fremu, jicho la kamera hufunguka kwa muda mfupi sana kisha likafunga. Muda huo ndio unaoitwa shata.

Fikiria pampu ya kisima inayotoa maji kwa mapigo, na akina mama wamepanga madumu foleni. Kila dumu likikaa chini ya bomba kwa mapigo mawili kamili, yote yatakuwa na maji sawa. Lakini likikaa kwa pigo moja na theluthi mbili, hili litapata zaidi, lile kidogo, na foleni nzima itakuwa haina usawa. Shata ya 1/50 ya sekunde chini ya taa za Garsen hupata mapigo mawili kamili katika kila fremu. Shata ya 1/100 hupata moja kamili. Shata ya 1/60, ambayo ndiyo kamera nyingi za Marekani huipenda zikiachwa zijiamulie, hupata hilo la pigo moja na theluthi mbili. Matokeo yake ni video inayopepesa, au mistari myeusi inayopanda na kushuka ukutani nyuma ya bwana harusi. Mtu wa Dallas anarudi kwao, anaifungua video kwenye televisheni kubwa, na kila mtu aliyeimba vizuri ukumbini anaonekana kama amesimama chini ya taa mbovu. Taa zilikuwa nzima. Kamera ndiyo iliyokuwa inahesabu kwa hesabu ya kwao.

Hili halihusu Marekani peke yake. Binti ya mama yangu mdogo anafanya kazi Riyadh, na mara kwa mara hurekodi salamu kwa ajili ya sherehe za nyumbani, usiku, chumbani kwake, akishamaliza kazi. Salamu zake zilikuwa zikifika na mistari, ilhali za rafiki yake aliye Muscat, mwenye simu ya aina ileile, zinafika safi. Sababu ni kwamba Saudi Arabia inatumia hezi 60, na jirani zake wote wa Ghuba wanaowaajiri watu wetu, Oman, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Bahrain, wanatumia hezi 50 kama sisi. Nilimwambia aweke shata 1/60, au akiwa mahali penye mwanga mkali, 1/120. Mistari ikaondoka siku hiyohiyo. Marekani na Kanada ni hezi 60. Uingereza na Ulaya yote ni 50. Japani imegawanyika katikati: Tokyo ni 50 na Osaka ni 60, kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 upande mmoja ulinunua mitambo Ujerumani na mwingine Marekani, na mpaka leo hawajaunganisha.

Mambo haya ndiyo mizizi ya majina mawili ambayo bado utayakuta kwenye menyu ya kamera: PAL na NTSC. Waliobuni televisheni walifunga kasi ya picha kwenye kasi ya umeme wa nchi zao. Marekani yenye hezi 60 ikapata picha 30 kwa sekunde, na rangi ilipoingia mwaka 1953 hesabu hiyo ikashuka kidogo hadi 29.97. Ulaya yenye hezi 50 ikapata picha 25. PAL ilibuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza zikaichukua. Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka kama ishirini kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chochote, ilianza na PAL. Kenya nayo ilikuwa PAL.

Wakati wa kanda, tofauti hii iliumiza watu kwelikweli. Familia ilikuwa ikitoa pesa nzuri kurekodiwa mazishi ya babu, kanda ya VHS inasafiri na mtu hadi Marekani, na huko deki haiwezi kuicheza: picha inabingirika au inakuja bila rangi. Zikaja DVD, watu wakadhani shida imekwisha. Haikwisha. Diski tunazochoma wenyewe hazina kufuli la kanda ya dunia, lile linaloiweka sehemu kubwa ya Afrika katika kanda ya 5 na Marekani katika kanda ya 1, lakini picha zilizo ndani bado ni za PAL, na deki nyingi za Marekani zilizikataa. Mtoto aliyeshindwa kuja kumzika baba yake alikuwa na diski mkononi na hawezi kumwona.

Kilichovunja ukuta huo ni intaneti. YouTube, iliyoanza mwaka 2005, inapokea picha 24, 25, 30, 50 au 60 kwa sekunde na kuzionyesha vilevile zilivyo. Simu, kompyuta na televisheni za kisasa hazimuulizi mtu kama ni PAL au NTSC. Hata matangazo yetu ya televisheni ya analogi yalizimwa mwaka 2015 tulipohamia dijitali. Ndiyo maana nawasihi watu waache kuuliza "video ya PAL itaonekana Marekani?" Itaonekana. Upande wa mtazamaji umeshafunguka, lakini upande wa taa haukubadilika, maana umeme wa Garsen ni uleule wa hezi 50.

Basi ukiniuliza nichague nini, jibu langu ni hili. Ukirekodi Kenya, Tanzania au Uganda, na sehemu ya kazi itakuwa usiku au ndani ya nyumba, weka kamera kwenye PAL, picha 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukitaka baadaye upunguze kasi ya wachezaji ngoma ili miguu ionekane ikipiga ardhi polepole, rekodi kipande hicho kwa picha 50 na shata 1/100. Mchana wa jua la Tana chagua unachotaka, jua halina hezi.

Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe fomati za PAL. Picha 25 zitajitokeza kwenye orodha ambayo awali haikuwa nazo. Kwenye kamera ndogo za GoPro kipengele hicho kinahusu kuzuia taa kupepesa, nawe unachagua 50. Kamera nyingi za Sony za kubadilisha lenzi zina swichi ya PAL na NTSC ndani ya menyu, na baadhi zitakuomba usafishe kadi kwanza, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya safari, usisubiri bibi harusi awe mlangoni. Simu za Android nyingi hazitoi picha 25 katika programu zake za kawaida. Hapo nashauri programu ya Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure, ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa Android mwaka uliofuata. Haikubali kila simu ya Android, lakini ikikubali yako utaweza kushika mwenyewe kasi ya picha na shata.

Wako waliokwisha kununua kamera isiyobadilika. Canon, kwa mfano, wameuza kamera zao za video Marekani kwa jina la VIXIA na Ulaya kwa jina la LEGRIA, na VIXIA ni ya hesabu ya Marekani, kama picha 30 au 60. Usiiuze. Tafuta mahali pa kuweka shata kwa mkono, uiweke 1/100, na ikiwa inakubali 1/50, vizuri zaidi. Picha zitabaki 30 kwa sekunde lakini taa hazitapepesa, kwa sababu kila fremu inapata mapigo kamili. Jambo hili dogo limeokoa harusi nyingi ambazo zilikuwa na kamera ya mgeni.

Lakini kubalianeni. Ikiwa mgeni anarekodi kwa picha 30 nami kwa picha 25, halafu vyote vinatakiwa viunganishwe kuwa video moja, programu ya kuhariri italazimika kurudia fremu hapa na kuruka fremu pale, na anayetembea taratibu kuelekea madhabahuni ataonekana akishtukashtuka. Katika DaVinci Resolve, ambayo wahariri wengi wachanga wanaitumia kwa kuwa ina toleo la bure, kasi ya mradi haibadiliki tena ukishaweka video ya kwanza. Kabla ya sherehe mimi huwafuata wote walioshika kamera, shemeji, mpwa, mgeni wa kutoka London, na kuwaomba tuwe kwenye 25.

Sasa nije kwenye usiku wa vijijini, ambako vitabu vya kamera havifiki. Kwenye matanga yetu watu hukesha, na mkesha mwingi unaangazwa na jenereta. Jenereta ndogo ya petroli inatoa hezi 50 pale tu injini inapozunguka kwa kasi yake sahihi, kwa nyingi ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwaya wakiwasha vipaza sauti, injini inalemewa na hezi zinashuka. Wakizima, zinapanda. Shata yako ya 1/50 iliyokuwa sawa saa mbili usiku haiko sawa saa nne. Hakuna fomati ya PAL wala NTSC itakayokuponya hapo. Dawa ni kuwa na taa yako ya betri, iliyo nzuri, na kuisogeza karibu na uso wa anayesema hadi izishinde zile za jenereta. Kama kamera yako inaruhusu shata kusogezwa kidogo kidogo, isogeze ukitazama kioo mpaka mistari itulie. Mwenye uwezo na akodi jenereta ya aina ya inveta, ambayo hezi zake hazichezi.

Nyumba za sola ni habari nyingine. Balbu inayokula moja kwa moja kwenye betri haina hezi, na ikiwa ni nzuri, mwanga wake umetulia kuliko wa stima. Lakini taa nyingi za bei nafuu hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa kwa kasi kubwa, na kasi hiyo ni ya kiwanda chake, haifuati nchi yoyote. Jaribu kwa nusu dakika kabla ya kuanza. Ikipepesa, iwashe kwa mwanga wake wote. Mara nyingi hutulia.

Fomati si kasi ya picha tu. Kuna pia namna video inavyofinywa ili iingie kwenye kadi, yaani kodeki, na hapa ndipo watu wa saiba za Garsen wanapokutana na faili zisizofunguka. Tangu mwaka 2017, iPhone imekuwa ikirekodi kwa kodeki ya HEVC, inayoitwa pia H.265, isipokuwa mtu aibadilishe. Inafinya vizuri: dakika moja ya 1080p kwa picha 30 ni kama megabaiti 60, wakati kodeki ya zamani, H.264, inakula kama 130. Kwa mwenye kadi ndogo huo ni uokovu. Lakini kompyuta kuukuu haina nguvu ya kuifungua, Windows 10 yenyewe inaweza kukudai ununue kiongezo kwanza, na televisheni ya mjomba iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita itakwambia faili haitambuliki. Rekodi kwa HEVC ukipenda, kwa sababu nafasi ni tatizo la kweli. Ila unapotoa nakala ya kugawa, toa H.264 ndani ya MP4, na sauti ya AAC. Bado sijapata nyumba yenye simujanja ambako hiyo ilikataa kufunguka.

Zima pia HDR, ile namna ya kurekodi mwanga na rangi kwa upana zaidi. Simu nyingi mpya zinairekodi bila kuulizwa, iPhone tangu toleo la 12 la mwaka 2020. Kwenye simu yenyewe inapendeza, lakini ikifika kwenye simu au kompyuta isiyoielewa, ngozi zetu zinageuka kijivu kama za wagonjwa. Weusi wetu una rangi nyingi ndani yake, na siwezi kukaa kimya nikiona shangazi amerudishiwa sura isiyo yake.

Na 4K je? Kila mgeni huja na 4K. Tufanye hesabu. YouTube wanashauri video ya 1080p ya picha 25 au 30 ipakiwe kwa kiasi cha biti milioni 8 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 1 kila sekunde, 60 kwa dakika, na gigabaiti 3.6 kwa saa. Kwa 4K wanashauri biti milioni 35 hadi 45, ambazo ni gigabaiti 16 hadi 20 kwa saa. Ukiwa Wema, ambako kuna siku unatafuta mtandao kwa kuzunguka na simu mkononi, gigabaiti 20 hazipandi. Ukiwa Garsen zitapanda, lakini bando litakwisha kabla ya sherehe kwisha. Isitoshe, simu inayorekodi 4K juani huku inachemka, na ikifikia kiwango chake hujizima yenyewe katikati ya jambo. Niliona hivyo wakati wa mafuriko, mtumbwi umejaa watu na simu ya kijana aliyekaa mbele ikakataa kazi. 1080p iliyo na mwanga mzuri, mkono uliotulia na sauti safi inawashinda watu wa 4K kila siku. Ibakishe 4K kwa kile utakachotaka kukikata na kukikuza baadaye, kama uso wa mzee akisimulia.

Kupeleka kuna mitego yake. Video inayotumwa WhatsApp kama video hufinywa upya, hata ukichagua ubora wa juu uliokuja mwaka 2023. Ukiituma kama hati inafika ilivyo, na tangu 2022 hati inaweza kufika gigabaiti 2. Ndugu wengi hawajui hili, wanapokea kilichokamuliwa kisha wanamlaumu mpiga video. Kwa video ndefu, mimi huipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, nikitumia mpangilio wake uliokwisha kuandaliwa wa 1080p, kisha naipandisha YouTube usiku ikiwa haijawekwa hadharani, na familia inapewa kiungo. Akaunti ya YouTube isiyothibitishwa kwa nambari ya simu haipokei zaidi ya dakika 15, kwa hiyo ithibitishe mapema. Na anayetaka kuitazama kwa flashi kwenye televisheni ya zamani akumbuke kwamba flashi iliyopangwa kwa FAT32 haibebi faili inayofika gigabaiti 4. Igawe ibada sehemu mbili.

Amua pia mapema kama unashika simu wima au kwa ulalo. Wima ni kwa TikTok na stetasi. Ulalo ni kwa televisheni, na wanaotazama mazishi au harusi kutoka ng'ambo mara nyingi huiweka sebuleni wakakusanyika. Kugeuza baadaye ni kukata watu vichwa.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitapita upesi. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50/60, inahitaji adapta ya plagi tu, ya pini tatu za bapa kama za Uingereza. Ikiandikwa 120 peke yake, itaungua hapa. Kamera kadhaa za picha zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya kabla ya 2019 hukata kurekodi zikikaribia dakika 30, kwa sababu ya ushuru wa forodha wa huko, na mahubiri yetu hayaishi kwa dakika 30. Kadi ya memori iwe na alama ya V30. Droni usije nayo bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, maana itabaki uwanja wa ndege.

Sauti sitaipita upesi. Watu wa Wema tuna sababu ya kuijali kuliko wengi. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya yalichukuliwa mwaka 1963 kutoka wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, na mzee anayetajwa na historia hiyo ni Meza Galana wa Makere ya Gwano, katika lokesheni yetu ya Wema. Tume ya wanamuziki, wakiwamo Graham Hyslop, Thomas Kalume na George Senoga-Zake, iliufanyia kazi, na leo kila mtoto wa Kenya anasimama wima kwa sauti iliyokuwa ya mama akimlaza mwanawe kando ya mto. Huo mmoja ulipata watu wa kuusikiliza. Nyanya zetu walikuwa na nyimbo za kupanda mpunga, za kutwanga, za kulia msiba, za kuvuka maji, na nyingi zimekwenda nao. Kwa hiyo ukimrekodi mwimbaji, mpe maikrofoni ndogo ya kubana kwenye leso, iliyofunikwa kitambaa dhidi ya upepo wa deltani, sauti iwe ya kilohezi 48. Picha yenye ukungu tutaivumilia. Maneno ya wimbo yasiyosikika hayatupi kitu.

Umwombe ruhusa kwanza, kwa lugha yake, umweleze kwamba watu wa mbali watamwona. Wapo wazee wanaokubali kurekodiwa kwa ajili ya wajukuu lakini hawataki kuwekwa hadharani, na hiyo ni haki yao.

Kisha hifadhi faili ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera kabla ya kufinywa kwa WhatsApp au YouTube. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalisomba kanda nyingi pamoja na masanduku yake, na mto huu haujaacha kupanda. Nakala moja ikae hapa, nyingine ikae mbali na maji, Malindi au Mombasa au huko ughaibuni mliko. Nawaomba ndugu zangu mnaokuja na kamera nzuri kuliko zetu: msiondoke na kadi peke yenu. Kabla hamjapanda gari, nakilini faili zote kwenye diski moja, muiandike kwa kalamu jina la kijiji, tarehe na majina ya waliorekodiwa, muikabidhi kwa familia.